Kuunganisha programu ya uigaji na mtandao halisi wa ukamanda: hofu ya msomaji wa Arusha ina msingi?

Swali: “Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mtengenezaji wa programu, nipo Arusha na wenzangu wachache katika kampuni ndogo ya ramani na mifumo ya taarifa. Tumeombwa kushiriki kuandaa pendekezo la mfumo wa mafunzo kwa makamanda. Programu ya uigaji inayoendesha vikosi vya kubuni inatakiwa iunganishwe na mtandao halisi wa ukamanda na udhibiti, ili ofisa akae mbele ya skrini ile ile anayoitumia kazini na alione zoezi likiendelea humo. Mwenzangu mmoja anasema ni kuandika kibadilishaji cha data tu, kazi ya wiki chache. Mwingine anasema tufunge kifaa kinachopitisha data upande mmoja na hatari yote itaisha. Mimi silali vizuri. Nahofia siku moja kikosi cha kubuni kitajitokeza kwenye skrini ya mtu asiyejua kama kuna zoezi. Je, hofu yangu ina msingi? Na kama kazi hii inawezekana, ianzie wapi?”

Marahaba, ndugu yangu. Hofu yako ina msingi na ina historia, na nitaifikia. Ila kuna hatari ya pili ambayo hukuitaja, nayo ndiyo inayoharibu mafunzo mara nyingi zaidi: kwamba mfumo utaunganishwa vizuri, data zitapita bila kukwama, hakuna siri itakayovuja, na bado makamanda watatoka zoezini wakiwa wamezoea kitu ambacho hawatakipata kazini. Hatari zote mbili zinatoka kwenye chanzo kimoja. Watu hudhani kinachovuka kati ya mifumo hii miwili ni data tupu, wakati kinachotakiwa kuvuka ni taarifa inayojulikana imetoka kwa nani, imeonwa saa ngapi, na kwamba ni ya kubuni. Naomba univumilie nianze na namna mambo yanavyofanya kazi kabla sijakushauri lolote.

Zoezi la makao ya ukamanda lisilo na muunganiko wowote huendeshwa hivi. Kamanda na wanadhimu wake wamo katika chumba chao, wana ramani zao, redio zao na mfumo wao wa kompyuta. Katika chumba kingine, ambacho hawaruhusiwi kukiona, wamekaa waendeshaji wa uigaji. Mwendeshaji anatazama skrini yake. Akiona platuni ya kubuni imefika mahali fulani, anachukua redio na kuripoti kana kwamba yeye ndiye kamanda wa platuni ile. Akipokea amri kutoka juu, anaitafsiri kwa kubofya na kuandika kwenye kompyuta ya uigaji. Hiyo ndiyo kazi mnayoombwa kuiondoa, na sababu za kutaka kuiondoa ni za kweli: inakula watu wengi, waendeshaji huchoka ifikapo usiku wa pili, tarakimu za mahali hukosewa, na taarifa huchelewa kwa sababu zisizohusiana na vita. Lakini mtu huyu wa katikati alikuwa akifanya kazi nyingine kadhaa kimya kimya, ambazo hakuna aliyeziandika katika mkataba wowote, na lango mtakalolijenga, yaani programu itakayokaa kati ya mifumo hii miwili, litalazimika kuzifanya zote. Mwenzako anayesema wiki chache amehesabu ile moja inayoonekana kwa macho.

Tuchukue taarifa moja na kuifuata. Tuseme zoezi limebuniwa kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, na doria ya kubuni imelala karibu na daraja la Kikafu. Saa mbili asubuhi yanatokea malori matatu ya adui.

Ndani ya programu ya uigaji kila lori ni kitu kinachojitangaza. Kama mnatumia itifaki ya DIS, yaani utaratibu wa programu za uigaji kupashana habari mtandaoni, ambayo ilipitishwa na IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, kuwa kiwango namba 1278 mwaka 1993 baada ya mradi wa SIMNET wa Marekani wa miaka ya 1980 kuonyesha kwamba vifaru vya kuigwa vinaweza kukutana mtandaoni, basi kila lori hurusha pakiti yenye utambulisho wake, aina yake, mahali lilipo, kasi yake na mwonekano wake. Lori likiwa linatembea, wapokeaji hukadiria lilipo kutokana na kasi na uelekeo wa mwisho, na mrushaji hutuma pakiti mpya pale makadirio yanapokengeuka kupita kiwango kilichowekwa. Hata lori likisimama tuli, pakiti hurudiwa, kwa kawaida kila baada ya sekunde 5, ili wengine wajue bado lipo. Mpangilio huu ulibuniwa ili dereva wa kifaru cha kuigwa amwone mwenzake akienda bila kurukaruka kwenye kioo, na kwa kazi hiyo unafaa sana.

Sasa piga hesabu. Pakiti ya msingi ya hali ya kitu ni baiti 144. Magari 1,000 yaliyosimama bila kufanya chochote yanazaa pakiti 200 kwa sekunde, yaani baiti 28,800, sawa na takribani kilobiti 230 kwa sekunde kabla hujaongeza vichwa vya mtandao, na yakianza kutembea namba hiyo inapanda mara kadhaa. Redio nyingi za VHF za medani zimejengwa kubeba kilobiti 16 kwa sekunde. Ukimwaga mkondo wa uigaji kwenye mtandao wa namna hiyo, utaufunga, na utaufungia pia watu ambao hawamo kwenye zoezi. Mfumo wa ukamanda wenyewe hauutaki wingi huo. Unataka sentensi moja: malori matatu, mahali hapa, saa hii, yameonwa na doria fulani.

Maneno hayo ya mwisho, “yameonwa na doria fulani”, ndiyo yanayonifanya niandike kwa msisitizo. Programu ya uigaji inajua kila kitu. Inajua adui yuko wapi hata kama hakuna jicho lililomwona, inajua ana mafuta kiasi gani, inajua platuni yako iko mita ngapi kutoka barabarani. Kamanda wa kweli hajui hata robo ya hayo. Anajua alichoambiwa, kikiwa kimechelewa, kikiwa na makosa, na wakati mwingine kikipingana na alichoambiwa na mtu mwingine nusu saa kabla. Lango linalochukua mahali pa malori moja kwa moja kutoka kwenye uigaji na kupachika alama kwenye ramani ya kamanda linampa maono ambayo hatakuwa nayo vitani. Maonyesho ya namna hiyo huwapendeza wageni, kwa sababu ramani nzima inatembea na hakuna kinachofichika, na hapo ndipo ofisa anapojengewa tabia ya kuiamini skrini kuliko kumuuliza aliyeko mbele. Naiona kuwa dhuluma kwa ofisa huyo na kwa askari atakaowaongoza.

Kwa hiyo lango lenu lichukue matokeo ya sehemu ya uigaji inayoiga kuona na kuripoti: doria iliyaona malori kwa umbali gani, katika mwanga gani, ikayahesabu kuwa matatu au manne, ikapata redio baada ya dakika ngapi. Doria ikiondoka, alama za malori zibaki pale zilipoonwa mara ya mwisho na zizeeke, hata kama ndani ya uigaji malori yameshafika Boma Ng'ombe. Vikosi vya upande wenu navyo vifuate sheria hiyo hiyo. Kama platuni ya kubuni imeingia nyuma ya Mlima Meru na redio haipenyi, mahali pake pasiendelee kusogea kwenye skrini ya brigedi eti kwa sababu kompyuta inapajua.

Tuendelee na taarifa yetu, kwa kuwa bado haijafika. Iko wapi Kikafu? Uigaji unatumia mfumo wa dunia wa WGS84, kama GPS. Ramani za karatasi za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado zinatumika na ambazo watu wengi walizichanganua na kuziingiza kwenye kompyuta zao, zilichorwa kwa msingi wa zamani wa kupimia mahali uitwao Arc 1960. Tofauti kati ya misingi hii miwili katika eneo letu ni takribani mita 300, na inatosha kabisa kuihamisha doria kutoka ng'ambo moja ya mto hadi nyingine. Ninyi ni watu wa ramani, mnalijua hili vizuri, lakini mtu anayeandika lango la mtandao mara nyingi halijui. Kuna na mtego wa pili ulio karibu na nyumbani kwenu: Arusha na Moshi ziko katika kanda ya 37 ya gridi ya UTM, inayoigawa dunia katika kanda, na ukisafiri kwenda Karatu unavuka digrii 36 mashariki kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu na kuingia kanda ya 36. Lango lililoandikwa kwa kudhani kanda ni moja litafanya kazi vizuri kwa majaribio yote mtakayofanya ofisini, kisha litaitupa kombania nzima mamia ya kilomita siku zoezi litakaposogea magharibi.

Muda unatatiza kwa namna yake. Uigaji utaandika 05:00 ya saa za dunia, mfumo wa ukamanda utaonyesha 08:00 ya Afrika Mashariki, na ofisa atasema redioni kwamba malori yalionekana saa mbili. Mtu wa katikati alikuwa akizipatanisha saa hizi bila hata kufikiri. Lango halitafikiri msipoliagiza. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba uigaji unaweza kusimamishwa au kuharakishwa, ilhali mtandao wa ukamanda unaishi kwa saa ya ukutani. Wasimamizi wakisimamisha uigaji kwa chakula cha mchana, mfumo wa ukamanda hausimami. Wakirudi watakuta kila alama imehesabiwa kuwa ya zamani. Kiwango cha HLA, ambacho IEEE ilikipitisha kama 1516 mwaka 2000, kina utaratibu mzuri wa kuziwezesha programu za uigaji kukubaliana juu ya saa moja, lakini mfumo wa ukamanda haumo katika makubaliano hayo. Ushauri wangu ni kwamba mkishaunganisha, mwende kwa kasi ya saa ya kweli, na mkitaka kuruka usiku wa mwendo mrefu, mfunge sehemu moja ya zoezi na kuanza nyingine kwa data mpya za mwanzo.

Majina sitayachambua sana. Kila kikosi kina utambulisho mmoja kwenye uigaji na mwingine kwenye mfumo wa ukamanda, na orodha ya kuoanisha lazima izalishwe kutoka faili moja tu, isihaririwe kwa mkono mahali pawili. Kiwango cha MSDL cha mwaka 2008 kilitungwa kwa ajili ya hali ya mwanzo ya zoezi, na kitawafaa.

Hadi hapa nimezungumzia taarifa zinazopanda kwa kamanda. Amri zinazoshuka ni ngumu zaidi, na watu wengi huligundua hilo wakiwa wamekwisha ahidi tarehe. Kamanda anaandika: “Kombania B izuie adui asivuke Kikafu mpaka brigedi imalize kupita Boma Ng'ombe.” Kamanda wa kombania ya kweli anaielewa mara moja. Anajua akae upande gani wa mto, anajua wakati gani kazi yake imekwisha, anajua pia kwamba akizidiwa atatakiwa kurudi nyuma huku akipigana wala si kufia darajani bure. Programu ya uigaji haijui lolote kati ya hayo mpaka iambiwe nani, afanye kitendo gani kutoka katika orodha ya vitendo inavyovifahamu, ndani ya mipaka ipi, kuanzia lini, na sharti gani likitimia aache. Shirika linaloandaa viwango vya uigaji, SISO, lilitoa lugha ya namna hiyo, C-BML, mwaka 2014, kisha mwaka 2020 likatoa C2SIM, ambayo imeweka pamoja data za mwanzo, amri na taarifa. Ni kazi nzuri ya miaka mingi, iliyojaribiwa sana na vikundi vya utafiti vya NATO, na ningependa muisome kabla hamjabuni muundo wenu wenyewe.

Hata hivyo kuwa na lugha hakumalizi tatizo. Mkimlazimisha ofisa achague vitendo kwenye menyu ili kompyuta imwelewe, mtakuwa mnamfundisha kuzungumza na kompyuta, wakati anachohitaji ni kujifunza kutoa amri ambayo kijana wa miaka ishirini na mitano ataielewa kwenye mvua, usiku, kupitia redio inayokoroma. Mimi husema wazi kwa kila anayeniuliza: ziacheni taarifa zipande zenyewe, lakini amri zishuke kupitia mtu. Weka ofisa mmoja au wawili wenye uzoefu waipokee amri kama ilivyoandikwa, waulize maswali kama kamanda wa chini angeuliza, kisha waiingize kwenye uigaji. Kwa hatua hiyo mtakuwa mmepunguza waendeshaji wengi bila kumpokonya mwanafunzi zoezi lenyewe.

Sasa turudi kwenye linalokunyima usingizi. Tarehe 9 Novemba 1979, kompyuta za kituo cha ulinzi wa anga cha Marekani na Kanada, NORAD, ndani ya mlima wa Cheyenne huko Colorado, zilionyesha shambulio kubwa la makombora ya Kisovieti. Ndege za kivita ziliruka, na ndege ya ukamanda iliyotengwa kwa ajili ya rais ikapaa pia. Dakika chache baadaye, baada ya kuulizia moja kwa moja kwenye rada na setilaiti, maofisa walithibitisha kwamba hakukuwa na kombora hata moja. Data za shambulio la kubuni, zilizotengenezwa kwa majaribio na mafunzo, zilikuwa zimeingia kwenye mfumo wa kazi. Angalia dawa waliyoichagua. Hawakuandika kichujio bora ndani ya kompyuta zile zile; walijenga kituo tofauti cha majaribio nje ya mlima ule, ili majaribio yasifanyike tena kwenye mfumo unaolinda nchi.

Kuna na tukio la Hawaii la tarehe 13 Januari 2018. Katika zoezi la ndani la kituo cha dharura ilichezwa sauti iliyoanza na kumalizika kwa neno la kutangaza zoezi, lakini katikati yake yalikuwemo maneno kwamba hili si zoezi. Mfanyakazi mmoja aliyashika yale ya katikati, akatuma tahadhari ya kombora kwenye simu za wananchi, na masahihisho yalifika kwenye simu hizo baada ya dakika 38. Alama ya zoezi ilikuwepo, na bado haikutosha.

Alama zenyewe zipo nyingi na lazima mzitumie zote. Kichwa cha pakiti ya DIS kina namba ya zoezi, na toleo la mwaka 2012 likaongeza nafasi ya kuonyesha kama kitu ni cha kweli, cha mtu aliye kwenye kiigaji, au cha kompyuta tupu. Katika kiwango cha alama za kijeshi cha MIL-STD-2525D, tarakimu ya tatu ya msimbo wa kila alama inaeleza kama ni hali halisi, zoezi au uigaji. Lakini alama inamlinda anayeisoma tu. Mfumo wa zamani ulio mwisho wa mnyororo unaweza kuipuuza tarakimu hiyo na kuchora alama kama kawaida. Na ofisa akipiga picha ya skrini na kuituma WhatsApp kwa mwenzake, tarakimu zote zimebaki nyuma na kinachosafiri ni picha ya adui karibu na Boma Ng'ombe. Ndiyo maana maandishi ya “ZOEZI” yawe yamechorwa ndani ya ramani yenyewe, mahali ambapo huwezi kuikata picha bila kuyaacha yakionekana.

Kuhusu kifaa cha kupitisha data upande mmoja, muulize mwenzako: upande upi? Kikielekezwa kutoka mtandao wa mafunzo kwenda mtandao halisi, kinazuia siri zisitoke, lakini mlango wa vikosi vya kubuni kuingia kimeuacha wazi, na hicho ndicho unachokihofia. Kikielekezwa kinyume, kinazuia data za kubuni zisiingie, lakini kinamwaga taarifa halisi kwenye mtandao wa mafunzo ambao kwa kawaida una watu wengi zaidi na ulinzi mdogo zaidi. Na kwa namna zote mbili zoezi lenu, linalohitaji taarifa zipande na amri zishuke, linabaki na mguu mmoja. Ni kifaa kizuri kwa kazi yake, na kazi yake haimalizi swali lako.

Njia zilizopo ni hizi, nami nitakueleza ninavyozipima. Kubaki na watu wa katikati peke yao si aibu. Kwa zoezi dogo la kikosi kimoja ndiyo njia ya bei nafuu na salama kuliko zote, na mteja wenu anastahili kuambiwa hivyo hata kama mtakosa kazi. Kuunganisha na mtandao halisi unaotumika kuna sababu moja tu ninayoikubali, nayo ni pale kinachofanyiwa mazoezi ni mtandao wenyewe, kwa mfano pale mnapotaka kujua kama redio na njia za mawasiliano zitahimili wingi wa taarifa. Hata majaribio ya kila mwaka ya NATO ya kuoanisha mifumo, yaitwayo CWIX na yanayofanyika Bydgoszcz nchini Poland, huendeshwa kwenye mtandao uliotengwa kwa majaribio.

Njia ninayokupendekezea ni ya tatu: chukueni nakala kamili ya programu ya ukamanda, toleo lile lile, mpangilio wa skrini ule ule, muiweke kwenye seva na kompyuta ambazo hazijaunganishwa kabisa na mtandao wa kazi, kisha muunganishe uigaji humo. Ofisa atakaa mbele ya kitu kile kile anachokijua, na hicho ndicho mteja alichokiomba hasa, hata kama amekiomba kwa maneno ya “mtandao halisi”. Njia hii ina gharama zake na usizifiche. Leseni zitalipwa mara mbili. Nakala itachakaa kila mfumo wa kazi unapoboreshwa, kwa hiyo lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kuzilinganisha. Data za mwanzo zitapelekwa kwa mkono na kukaguliwa kabla ya kuingizwa. Na hutajifunza chochote kuhusu uwezo wa redio za kweli. Naona bei hiyo ni ya haki. Zaidi ya hapo, seva za mafunzo zinaweza kurekodi pamoja ukweli wa uigaji na kile kamanda alichokuwa akikiona kila dakika, na baada ya zoezi mkaziweka picha hizo mbili kando kwa kando mbele yake. Kwa upande wa mafunzo, tathmini hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote za kuunganisha.

Ikiwa siku moja mtatakiwa kuwahusisha majeshi ya nchi nyingine, kama inavyokuwa kwenye mazoezi ya Ushirikiano Imara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kila nchi itakuja na mfumo wake, na hapo ndipo kufuata C2SIM tangu mwanzo kutawaokoa na kuandika lango jipya kwa kila mgeni.

Njia yoyote mtakayoichukua, jengeni kwanza namna ya kusitisha. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope yaliikumba Katesh, Hanang, na jeshi likaenda kuokoa watu. Fikiria jambo kama hilo likitokea katikati ya zoezi, na wanadhimu wale wale wakahitajika. Lazima kuwe na neno moja la kusitisha linalojulikana na wote, na amri moja kwenye mfumo inayofuta kila alama ya kubuni kwenye kila skrini kwa pamoja, na mtu aliyepewa mamlaka ya kuithibitisha skrini kwa skrini kabla kazi ya kweli haijaanza. Hili lifanyiwe majaribio kabla ya kitu kingine chochote, na lirudiwe mpaka lisikosee.

Kwa sasa mnaweza kujifunza mengi bila kugusa siri ya mtu. Chukueni kompyuta mpakato mbili, maktaba ya programu ya Open-DIS ambayo msimbo wake ni wa wazi, programu ya Portico kama mnataka kuonja HLA, na seva ya OpenC2SIM kutoka Chuo Kikuu cha George Mason. Tumieni ramani za wazi, malori ya kubuni matatu na doria moja. Mkiweza kuifanya doria iyaone malori kwa kuchelewa, iyahesabu vibaya mara moja moja, na alama zizeeke doria inapoondoka, mtakuwa na kitu cha kuonyesha chenye thamani kuliko ramani nzima inayotembea.

Kuna mambo ambayo siwezi kukujibu kwa maandishi, na mtu mwingine yeyote asikujibu kwa maandishi. Ngazi ya usiri wa mtandao wa mteja, toleo la programu yao, orodha ya vikosi, mchoro wa miunganiko: hayo yajadiliwe ana kwa ana, ndani ya ofisi yao, na ofisa wa mawasiliano mwenye mamlaka juu ya mtandao ule pamoja na msimamizi wao wa usalama wa taarifa. Usinitumie mchoro wowote, wala usiutume kwa mwenzako kwa barua pepe ya kawaida. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina makosa mahususi kuhusu kupokea na kutoa habari za siri, kwa hiyo kabla hamjasaini chochote onaneni na wakili awaeleze wajibu wenu kama kampuni binafsi. Msikubali ruhusa ya mdomo ya kuchomeka hata waya mmoja wa majaribio kwenye mtandao wa kazi, hata kama anayewaruhusu ni mkubwa na ana haraka.

Katika kikao hicho cha kwanza nendeni na maswali manne yaliyoandikwa. Nani ni mmiliki wa mtandao, na je, yumo chumbani? Ni watu wa cheo gani wanaofunzwa, na wanatakiwa watoke wakiweza kufanya nini ambacho leo hawawezi? Je, nakala ya mfumo iliyotengwa inawatosha, na kama haiwatoshi ni kwa sababu gani hasa? Na ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kutamka neno la kusitisha? Mteja akishindwa kulijibu la pili, rudini nyumbani mkasubiri alijibu, kwa sababu bila jibu hilo hamtajua taarifa zipi zipande, amri zipi zishuke, wala mtu yupi abaki katikati.